Nusu ya Chaki

Chaki nzima hulia. Ishike wima uikokote ubaoni: inakwama, inateleza, inakwama tena, na watoto sitini wanaziba masikio kwa pamoja. Ivunje katikati, ilaze kidogo, uivute badala ya kuisukuma, nayo hunyamaza. Haya sikuyakuta kitabuni. Nilifundishwa na mwenzangu wa chumba katika Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, mwaka 1995, usiku wa siku ambayo mchana wake niliaibika mbele ya mkufunzi.

Yeye alilala juu ya dabodeka, mimi chini. Alinishika mkono akanipeleka kwenye darasa tupu, akaniambia nitembee. Kumbe ubaoni huandiki kwa vidole, unaandika kwa bega, na miguu inaufuata mstari. Ukisimama pale pale ukanyoosha mkono tu, maneno yanapanda kama njia ya mlimani. Tulitembea hivyo usiku mwingi, huku na huku, tukiandika na kufuta. Mimi nikamlipa kwa hesabu za sehemu, ambazo hakuzipenda mpaka tunaondoka.

Watu wanapousifu ualimu hutaja wito, mwanga, mshumaa. Sawa. Mimi nausifia mambo ya mkononi. Shule yangu ya kwanza ilikuwa wilayani Newala, na ubao wake ulikuwa umepauka hata herufi hazionekani. Ijumaa moja tulipasua betri kuukuu za redio, tukasaga ule unga mweusi pamoja na mkaa, wanafunzi wakausugua ubaoni kwa majani mabichi ya maboga. Jumatatu nilipoandika tarehe, darasa zima lilisema "Aaa!" Hakuna barua ya pongezi niliyowahi kuipata inayoifikia ile "Aaa!"

Habari za ubao ule nilimwandikia mwenzangu. Yeye alikuwa amepangiwa Kasulu. Mimi kusini kabisa karibu na Mto Ruvuma, yeye kule Kigoma. Barua ilikwenda mwezi mzima. Alijibu kurasa nne. Iliyofuata ikawa mbili, kisha kadi ya Idi, kisha kimya. Hatukugombana. Tungegombana ningejua pa kuanzia kuomba radhi.

Simu za mkononi zilipokuja nilidhani zitatuokoa. Tuliongea mara moja. Watoto? Wazima. Mvua? Inanyesha. Kazi? Tunasukuma. Halafu kila mmoja akawa anasikiliza pumzi za mwenzake, na salio linakwenda. Sasa tumo kwenye kundi moja la WhatsApp la wahitimu, tunapeana pole za misiba kwa maneno yale yale ya kunakili.

Baada ya sensa ya 2022, vile vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu tuligawiwa walimu. Changu kilikaa kabatini miezi, na nilijipa kila sababu isipokuwa ya kweli: naogopa. Aliyekitoa ni binti mmoja aliyekuja kwetu kwa mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa nakibonyeza kama swichi ya taa.

"Mwalimu, samahani," akasema, "usikibonyeze. Gusa tu."

Mkono mwepesi, basi. Somo lile lile, mwalimu mwingine, na safari hii mwanafunzi ana mvi. Kwa wiki kadhaa nilikaa naye saa za chai, nikijifunza kutafuta picha ya moyo wa binadamu ili nisiendelee kuchora ule wangu unaofanana na embe.

Siku moja nikapita nje ya Darasa la Tano nikasikia chaki inalia. Nilisubiri kipindi kiishe. "Madam, lete hiyo chaki." Nikaivunja. Akashtuka, akidhani nimekasirika. Nikamwonyesha bega, nikamwonyesha miguu, tukatembea ubaoni huku na huku, watoto wanachungulia dirishani wanacheka.

"Nani alikufundisha hivi, Mwalimu?"

"Mtu mmoja yuko Kasulu."

Mazoezi yake yalikwisha Ijumaa. Kabla ya kupanda basi aliniandikia namba yake, akaihifadhi mwenyewe kwenye simu yangu. Ile ya Kasulu nikaipiga jioni hiyo. Haipatikani.