Rimu za spoti kwenye changarawe za Haydom

Toyota Mark X iliyoandikwa 250G S hupendeza pichani kuliko ndugu yake wa kawaida, na wauzaji wa magari ya Japani wanalijua hilo. Bampa la mbele limeshuka, sketi zimefungwa pembeni, rimu ni za inchi 18 na zimejaa tundu la gurudumu barabara. Mnunuzi wa Katesh au Mbulu mjini akiona imezidi kidogo tu bei ya ile isiyo na S, anajiona ameokota dodo. Lakini sehemu kubwa ya bei ya pakeji hiyo ya spoti hailipwi bandarini. Inalipwa baadaye, kidogo kidogo, kwa fundi wa pancha.

Tuanze na kile ambacho kiwanda kilifanya. Ukifungua boneti, injini ya 250G na ya 250G S ni ileile ya lita 2.5. Kilichobadilika kipo chini na nje ya gari: springi na shokapu ngumu zaidi, urembo wa mwili, na matairi. Kwenye Mark X ya kwanza, ile iliyotoka mwaka 2004, gari la kawaida lilivaa 215/60R16 na la S likavaa 225/45R18. Wengi hutazama namba ya mwisho, ya rimu. Mimi ningependa utazame ile ya katikati.

Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya katikati ni asilimia ya upana huo, nayo ndiyo inayotoa kimo cha ubavu, yaani mpira uliopo kati ya rimu na barabara. Piga hesabu: asilimia 60 ya 215 ni milimita 129. Asilimia 45 ya 225 ni 101. Kiwanda kimekuza rimu kwa inchi mbili, kisha kikapunguza mpira kwa milimita 28 ili gurudumu zima libaki karibu na kimo kilekile, kipimo cha mwendo kisidanganye. Ukipima kutoka juu hadi chini, gurudumu la inchi 16 lina milimita 664 na la inchi 18 lina 660. Kwa macho umepata gurudumu kubwa. Kwa kweli umepata chuma kingi na mpira mchache.

Kwenye lami nzuri mabadilishano hayo yana faida, na si haki kuyabeza. Ubavu mfupi haupindi sana gari linapokata kona, usukani unajibu haraka, breki zinashika vizuri. Barabara kuu ya Singida hadi Babati, inayopita Katesh chini ya Mlima Hanang, ingetosha kumpa mwenye Mark X S raha yake yote. Shida ni kwamba watu wa Hanang na Mbulu hawaishi kwenye barabara kuu. Wanatoka Katesh kwenda Basotu kwenye mashamba ya ngano, au kwenda Haydom kumpeleka mgonjwa hospitali ya Walutheri. Wanatoka Mbulu kwenda Dongobesh, au wanateremka Magara kuutafuta Mbuyu wa Mjerumani. Huko lami inaingia kwa vipande, na kati ya kipande na kipande kuna changarawe, makorongo ya mvua na mawe ambayo greda liliyafukua badala ya kuyazika.

Gurudumu linapogonga jiwe lenye ncha kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ubavu hubonyea. Ukiwa mrefu, hubonyea na kurudi. Ukiwa mfupi, hufika mwisho wa safari yake mapema, na mpira ukabanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu kama kidole kilichobanwa na mlango. Ndani ya mpira ule kuna nyuzi zinazobeba nguvu yote ya upepo. Zikikatika chache, nje huoni kitu. Baada ya siku kadhaa ubavu unaota nundu.

Fundi akilitoa tairi la namna hiyo kwenye rimu, anaingiza mkono na kupapasa ukuta wa ndani. Mahali nyuzi zilipokatika pana mkunjo mwembamba wa mstari ulionyooka, mara nyingi na mwenzake upande wa pili, kwa sababu ukingo wa rimu ulibana pande mbili kwa pamoja. Hapo haongezi maneno. Tundu la msumari kwenye sehemu inayokanyaga barabara linazibika kwa dakika chache. Ubavu uliokatika nyuzi hauzibiki, hata tairi likiwa na wiki mbili. Wapo wanaoingiza tyubu ili wafike nyumbani, lakini tyubu haiunganishi nyuzi, na tyubu ya kukaa vizuri kwenye tairi la inchi 18 lenye ubavu mfupi ni shida kuipata.

Tena kuna rimu yenyewe. Rimu ya chuma ikipinda, nyundo na subira vinatosha. Rimu ya aloi ikipigwa sana hupasuka, na kuchomelea aloi ni kazi ya mtu mwenye mashine na ujuzi wake. Kuna pia spea: magari mengi ya Japani huja na spea nyembamba ya dharura, inayotaka upepo wa psi 60 na kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Ilibuniwa ikufikishe kwenye duka la matairi la jirani. Ukiwa katikati ya Haydom na Katesh, jirani huyo yuko mbali, na maduka ya wilayani hujaza rafu kwa saizi zinazotoka kila siku. Inchi 18 mara nyingi utaiagiza Arusha, na gari litasubiri juu ya mawe.

Fedha sasa. Nitatumia tarakimu za mfano, wewe weka bei za duka lako. Tuseme tairi la inchi 16 ni shilingi 200,000 na seti inadumu kilomita 40,000. Tairi la inchi 18 tuseme ni 320,000, na kwa sababu mpira wa spoti huwa laini, seti idumu kilomita 25,000. Seti ya kwanza inakula shilingi 20 kwa kila kilomita. Ya pili inakula 51. Kwa anayeendesha kilomita 12,000 kwa mwaka, hiyo ni 240,000 dhidi ya zaidi ya 614,000. Na hapo hatujahesabu tairi hata moja lililokufa kwa jiwe. Likifa moja kwa mwaka, ongeza 320,000, halafu ongeza nauli ya kulifuata.

Jambo ambalo watu hulisahau kabisa ni mzigo. Baada ya saizi, tairi lina namba nyingine ndogo. Tairi la 215/60R16 kwa kawaida huandikwa 95, maana yake kilo 690 kwa kila tairi. La 225/45R18 la kawaida huandikwa 91, yaani kilo 615. Kwa manne, pengo ni kilo 300. Mwenye gari anayebeba watu watano na magunia ya vitunguu saumu kutoka Mbulu analiona pengo hilo kwenye joto la tairi. Dawa ni kununua lililoimarishwa, lenye alama ya XL, na kujaza upepo inavyotakiwa. Lakini gari linapodunda, dereva wetu hufanya kinyume: humwambia fundi apunguze upepo ili gari lilainike. Kwa tairi lenye ubavu mfupi, huko ni kulikabidhi kwa jiwe. Pembeni ya namba ya mzigo kuna herufi ya mwendo, mara nyingi W, kilomita 270 kwa saa. Sijui nani atazihitaji kwenye mlima wa Magara.

Hata hivyo, kosa la kawaida la wanaoonya kuhusu pakeji za spoti ni kuziweka zote kapu moja. Toyota Noah ya kizazi kilichoanza 2007 ni mfano mzuri. Noah X ilivaa 195/65R15, na ile ya spoti, Si, ikavaa 205/60R16. Pima ubavu: milimita 127 kwa 123. Umepoteza milimita nne tu. Gurudumu zima limekua kwa milimita 18, kwa hiyo ekseli imepanda tisa. Ukiondoa bampa lililoshuka, ambalo litakwaruza kwenye makorongo, Noah Si haina adhabu kubwa ya matairi, na inchi 16 ni saizi inayopatikana. Vitz RS ni kisa kingine: 195/50R16 badala ya 165/70R14 ya Vitz ya kawaida. Ubavu umetoka 115 na nusu hadi 97 na nusu, kwenye gari ambalo tayari ni jepesi na fupi. Jina dogo, adhabu kubwa.

Aliyekwisha kununua hajakwama. Mafundi wa Arusha hushusha rimu kila siku. Mark X S inaweza kurudi kwenye 215/60R16 ikiwa rimu ina matundu matano kwenye duara la milimita 114.3 na haigusi kaliba ya breki, jambo linalojaribiwa kwa kufunga rimu moja ya mbele na kuizungusha kwa mkono kabla ya kulipa. Vitz RS inaenda vizuri na 185/60R15: ubavu unakuwa 111, na kimo cha gurudumu kinatofautiana kwa milimita mbili tu. Fanya hivyo mapema, rimu za inchi 18 zikiwa bado hazina kovu, kwa maana mjini zina wateja. Shokapu ngumu zitabaki, na gari litaendelea kudunda kuliko la kawaida, ila matairi yatapona.

Hukumu yangu kwa anayeishi nje ya lami ya Katesh ni hii: ubavu chini ya milimita 110, usinunue, labda bei ya kushusha rimu iwe imeshatolewa kwenye bei ya gari. Na usikubali kujibiwa kwa jina la pakeji. Mwombe muuzaji picha ya maandishi ya ubavuni mwa tairi, matairi yote manne, pamoja na tarakimu nne za wiki na mwaka wa kutengenezwa. Asipotuma, tafuta gari lingine.