Pongezi kwa Mafundi Mitambo wa Nakuru

Nakuru ilipopandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, wengi walisifu barabara na majengo. Mimi pongezi zangu nawapa mafundi mitambo, hasa yule anayefunga kibadilishi cha zana, yaani mkono unaobadilisha zana, kwenye mashine ya CNC inayoongozwa na kompyuta.

Kazi hii haitaki papara. Fundi husawazisha mashine kwa pimamaji, kisha huhakikisha mhimili unaozungusha zana unasimama pembe ile ile kila mara, maana meno yake mawili lazima yaingie kwenye nafasi za kishikio cha zana. Halafu huusogeza mkono wa kibadilishi polepole, jicho likiwa kwenye saa ya kupimia inayosoma sehemu ya mia ya milimita. Mshale ukicheza, hulegeza boliti, hugonga kidogo, hukaza, hupima tena. Akikosea, zana huanguka au mhimili huumia, na hasara yake si mchezo.

Bonde la Ufa lina kombaini za ngano kule Njoro na mitambo ya mvuke ya Olkaria, iliyoanza kutoa umeme 1981. Yote hula vipuri, na vipuri huchongwa kwa mashine kama hizi. Walimu wa vyuo vya ufundi, wapeni wanafunzi saa hiyo ya kupimia mapema, wasikutane nayo kazini.