Waimbaji wa Yubile wa Fisk na Swali la Wimbo Simulizi Jukwaani

Kila mara kwaya ya chuo inapoupandisha jukwaani wimbo wa kijijini, ukiwa umepangwa kwa sauti nne na kuongozwa kwa mkono wa mwalimu, wasomi hugawanyika pande mbili. Kuna wasemao kuwa wimbo umehifadhiwa, na kuna wasemao kuwa umeuawa. Hukumu zote mbili hutolewa upesi mno, kwa kuwa mhakiki huyatazama matokeo bila kuufuata mwendo mzima ulioutoa wimbo uwanjani ukaufikisha ukumbini. Mwendo huo waweza kufuatwa vizuri katika ziara za Waimbaji wa Yubile wa Chuo Kikuu cha Fisk, mjini Nashville, kati ya mwaka 1871 na 1878.

Shule ya Fisk ilifunguliwa na wamishenari mwaka 1866 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani. Miaka mitano baadaye ilikuwa imezama katika madeni, na majengo yake, yaliyokuwa hospitali ya jeshi wakati wa vita, yalikuwa yakioza. Mtunza hazina wake, George L. White, ambaye pia alifundisha uimbaji, aliondoka na vijana tisa tarehe 6 Oktoba 1871 kwenda kutafuta fedha katika majimbo ya Kaskazini. Wengi wao walikuwa wamezaliwa utumwani. Miongoni mwao alikuwamo Ella Sheppard, mpiga piano, ambaye mchango wake katika kuzipanga na kuzifundisha nyimbo umefunikwa mno na jina la White.

Jambo ambalo masimulizi mengi hulipita haraka ni kwamba kundi hilo halikuondoka ili kwenda kuimba nyimbo za watumwa. Maonyesho ya mwanzo yalijaa tungo za Kizungu. Sheppard alieleza baadaye kwamba nyimbo za wazazi wao zilihusiana na utumwa na siku za giza, tena zilikuwa takatifu kwa wazee wao waliozitumia katika ibada. Wanafunzi hawakuwaza kuzitoa hadharani, na walipoziimba chuoni waliziimba faraghani, milango ikiwa imefungwa. Kwa mtaalamu wa fasihi simulizi ushahidi huu una uzito mkubwa. Wimbo ulikuwa na wenyewe na ulikuwa na mipaka ya hadhira, kama nyimbo za unyago zilivyo na mipaka yake katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Basi badiliko la kwanza halikuwa la nota wala la mpangilio wa sauti. Mlango ulifunguliwa, tena kwa shida ya fedha.

Ulifunguliwa hasa mwezi wa Novemba 1871 huko Oberlin, katika jimbo la Ohio, walipoimba nyimbo hizo mbele ya mkutano wa wachungaji. Tangu hapo programu iligeuka. Jina la Yubile lilichaguliwa na White kutokana na ule mwaka wa kuachiliwa huru unaotajwa katika Mambo ya Walawi. Mwaka 1872 waliimba mbele ya Rais Grant, na mwaka 1873 mbele ya Malkia Victoria. Ziara ya kwanza ilileta dola 20,000, na ile ya Uingereza karibu dola 50,000, na kutokana na fedha hizo lilijengwa jumba la Jubilee Hall, lililozinduliwa tarehe 1 Januari 1876. Kundi la baadaye lilifika mpaka Uholanzi na Ujerumani, likavunjika mwaka 1878 huko Hamburg, waimbaji wakiwa wamechoka na kugombana. Wengi wa wale wa mwanzo hawakumaliza masomo yao katika chuo walichokiokoa.

Nyimbo zenyewe ziliandikwa kwa nota na Theodore F. Seward na kuchapwa mwaka 1872. Yafaa mkusanyo huo ulinganishwe na ule wa Allen, Ware na Garrison, uliotoka mwaka 1867. Wakusanyaji hao watatu walikiri wazi kwamba nota haziwezi kuzinasa sauti za mitelezo, wala uimbaji ambao kila mtu huonekana kufuata njia yake na hali wote wako pamoja. Kukiri huko kuna thamani kubwa kuliko kurasa nyingi za nota zao. Seward alizisikia nyimbo zikiwa zimekwisha pita mikononi mwa White, aliyesisitiza usafi wa matamshi na sauti laini mno, karibu ya kunong'ona. Hata tahajia yasema mengi: lahaja ya Wamarekani weusi imeachwa hapa na pale, lakini pengi imesawazishwa ifanane na Kiingereza cha shule. Mwenye kuzisoma matini hizo kana kwamba ni matini za shambani atajidanganya.

Lawama kali zaidi ilitoka kwa Zora Neale Hurston, mwanafasihi na mtafiti wa mila, katika makala yake ya mwaka 1934. Kwa maoni yake, ziimbwazo na makwaya ya vyuo ni tungo mpya zilizojengwa juu ya nyimbo za kiroho. Wimbo wenyewe hauna umbo moja lililotulia, bali huzaliwa upya kila uimbwapo na kundi lililo katika ibada. Kuhusu asili ya wimbo simulizi Hurston yuko sahihi. Anapokosea ni katika kuupima uimbaji wa jukwaani kana kwamba ulikuwa jaribio la kuiga ibada likashindwa. Hadhira ya mwaka 1871 ilikuwa imezoea wachekeshaji wa Kizungu waliojipaka masizi usoni na kuigiza wimbo wa mtu mweusi kwa kelele na mizaha. Mbele ya hadhira ya namna hiyo, utulivu, unyofu wa mwili na sauti ile ndogo vilikuwa jibu. Vilibeba maana ambayo wimbo haukuwa na haja ya kuibeba ndani ya kibanda cha watumwa. Mhakiki akiitenga fani hiyo na hali iliyoizaa, hatabakiwa na kitu ila malalamiko juu ya nota.

Hata hivyo hoja hii isitumiwe kuwatetea wapangaji wote. Katika lugha za toni, ambazo ndizo nyingi za Kibantu nchini Kenya, kulazimisha sauti ya pili na ya tatu zifuate ulinganifu wa Kizungu kwaweza kulipandisha neno pale lugha inapolishusha, na maana ikapotea mdomoni mwa mwenye lugha mwenyewe. Kiswahili hakina toni, lakini mkazo wake hukaa kwenye silabi ya mwisho ila moja, na tenzi za kanisani zilizotafsiriwa juu ya tuni za kigeni zimewazoesha waimbaji kuuvunja bila kujali. Waimbaji wa Fisk waliimba kwa lugha waliyoizungumza. Hawakuwa na udhuru wa namna hii, wala hawakuuhitaji.

Kuna mlango wa pili katika chuo hicho hicho. W. E. B. Du Bois, aliyehitimu Fisk mwaka 1888, aliiweka katika kitabu chake cha mwaka 1903 tuni ya wimbo wa Kiafrika uliorithishwa katika ukoo wake, maneno yake yakiwa hayaeleweki tena na yeyote nyumbani. Wataalamu hawajaafikiana hadi leo ni ya lugha gani. Naye Lorenzo Dow Turner, aliyekuwa akifundisha Fisk tangu mwaka 1929, alikwenda mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwenye visiwa na pwani za South Carolina na Georgia akiwa na chombo cha kunasia sauti. Kitabu chake juu ya lugha ya Kigullah, kilichotoka mwaka 1949, kilionyesha maelfu ya maneno na majina yenye asili ya Afrika, ya Kikongo na Kimbundu yakiwamo. Huko Harris Neck, Georgia, Turner alinasa sauti ya Amelia Dawley akiimba mistari michache ya Kimende, lugha ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

Wimbo huo haukupangwa na mwalimu yeyote wala haukulipiwa kiingilio. Katika miaka ya 1990 watafiti waliupeleka Sierra Leone, wakapata katika kijiji cha Senehun Ngola mwanamke aliyeujua wimbo unaofanana nao, wenye mistari ile ile kwa sehemu. Kule ulikuwa wimbo wa matanga, wa kuwaaga wafu. Huku Georgia, maneno yakiwa yamehifadhika kwa kiasi cha kushangaza, ulikuwa umekuwa wimbo ambao mama humwimbia mtoto acheze.