Muyaka Kalazwa kwa Jina la Nani?

Mie niliishia kidato cha nne, na riwaya yangu ya kwanza bado imo daftarini. Basi nasema kama msomaji tu.

Hati za mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa zimehifadhiwa London, katika maktaba ya chuo cha SOAS. Ahsante kwa kuzitunza. Lakini jamani, mkusanyo unaitwa kwa jina la William Taylor, mmisionari Mwingereza! Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia kuyakusanya na kuyafafanua, yeye yuko wapi?

Wakituonyesha hati hizo, waanze na mtunzi, afuate Sikujua, ndipo Taylor. Au nami nikifa, riwaya yangu itaitwa kwa jina la aliyeokota daftari?