Kutoka Likoni kwenda Changamwe, pakiti hupita wapi?

Oktoba 1986 njia ya mawasiliano kati ya Maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley ilidhoofika kwa namna ya ajabu. Kasi yake ya kawaida ilikuwa biti 32,000 kwa sekunde. Ikaporomoka hadi biti 40. Arobaini tupu, si arobaini elfu. Taasisi hizo zilikuwa umbali wa yadi 400 hivi, umbali usiofika hata upana wa mkondo wa Likoni.

Aliyeingia kutafuta chanzo ni mtafiti Van Jacobson. Makala aliyoitoa mwaka 1988 ni miongoni mwa maandishi ambayo mwanafunzi wa uzamili wa mitandao ya kompyuta hukutana nayo mapema, awe Berkeley au Mombasa. Katika shahada ya kwanza unafundishwa itifaki inafanya nini. Katika uzamili unaulizwa kwa nini ilibuniwa hivyo, na ungejuaje kama imeanza kushindwa. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu swali hilo halijibiwi kwa kukariri. Linajibiwa kwa kupima, na nataka kuonyesha kwamba sisi wa ng'ambo za Mombasa tuna mahali pa kupimia ambapo vyuo vingi vingetamani kuwa napo.

Jacobson aligundua hivi. Kompyuta ikituma pakiti, yaani kipande kidogo cha data, husubiri ijulishwe kuwa imepokewa. Jibu likichelewa, huamini pakiti imepotea na kuituma upya. Sasa foleni ya ruta, kifaa kinachoelekeza pakiti njiani, ikijaa, majibu huchelewa kwa wote, wote hutuma upya, na foleni inazidi kujaa kwa pakiti ambazo nakala zake tayari zimo ndani. Waya unafanya kazi muda wote, lakini kazi yenyewe ni bure. Dawa aliyoipendekeza ndani ya TCP, itifaki inayosimamia utumaji huo, inajulikana sana: anza na pakiti chache, ongeza kadiri majibu yanavyorudi, na ukiona moja imepotea jua njia imejaa, upunguze mzigo mara moja.

Sehemu ambayo wanafunzi huiruka ndiyo ninayoiona nzito zaidi. Kabla ya hapo, kompyuta ilikadiria muda wa kusubiri kwa kushika wastani wa majibu yaliyopita na kuuzidisha kwa namba moja isiyobadilika. Jacobson akaonyesha kwamba wastani peke yake haufai, kwa kuwa mzigo ukipanda, kinachopanda haraka zaidi ni kuyumba kwa majibu: moja linarudi upesi, linalofuata linakawia mno. Basi akaongeza kipimo cha huko kuyumba kwenye hesabu. Anayevuka feri kila asubuhi analielewa hili bila mlinganyo: kuvuka maji ni dakika chache zinazojulikana, kinachoharibu ratiba ni foleni ya kivukoni, ambayo leo ni fupi na kesho haina mwisho. Mtu huyo hapangi safari yake kwa wastani. Anapanga kwa kuangalia siku mbaya huwa mbaya kiasi gani. Simu iliyo mfukoni mwake nayo hufanya hesabu hiyohiyo, kwa kanuni iliyotokana na makala ile.

Jacobson huyohuyo ndiye aliyeandika programu ya traceroute, na ndiyo inayotuleta nyumbani. Kila pakiti hubeba namba ya kikomo. Kila ruta inayopitiwa hupunguza moja. Namba ikifika sifuri, ruta hiyo huitupa pakiti na kumpelekea mtumaji taarifa. Traceroute hutuma pakiti ya kikomo 1, kisha 2, kisha 3, na kila ruta ya njiani hujitaja yenyewe kwa kulalamika. Ukimaliza una orodha ya vituo, na mbele ya kila kimoja muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde.

Sasa mpe kazi mwanafunzi aliyekaa Likoni, mwenye laini ya kampuni moja, apime njia ya kwenda kwenye seva iliyoko Changamwe kwa kampuni nyingine. Kati yao kuna maji ya Kilindini na kilomita chache tu. Kabla hajabonyeza chochote, afanye hesabu. Mwanga ndani ya kebo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Njia ya moja kwa moja ingekula sehemu ndogo sana ya milisekunde moja, ukiacha muda wa mnara wa simu wenyewe. Lakini kama kampuni hizo zinakutana Nairobi tu, pakiti itapanda kilomita zisizopungua 450, ishuke nyingine kama hizo, na jibu lirudie safari nzima. Hiyo ni milisekunde 10 hivi za mwanga peke yake. Akiona katikati ya orodha namba imeruka kwa kiasi hicho na haishuki tena, amepata jibu: pakiti imekwenda Nairobi kuulizia njia ya Changamwe.

Kenya imewahi kuwa na hali mbaya zaidi ya hiyo. Kabla ya mwaka 2000, barua pepe kati ya ofisi mbili za Nairobi zenye watoa huduma tofauti ilipanda setilaiti, ikatua Marekani au Ulaya, ikarudi. Setilaiti ya aina hiyo iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka mara moja ni robo ya sekunde. Watoa huduma, kupitia chama chao cha TESPOK, wakaanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano humu nchini, mwishoni mwa 2000. Kiufundi kazi yenyewe haikuwa kubwa: swichi moja mahali pamoja, kila kampuni ilete ruta na laini yake, kisha ruta zitangaziane kwa itifaki ya BGP ni anwani zipi ziko kwa nani. Ugumu ulikuwa kwingine. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na Tume ya Mawasiliano ikaifunga KIXP Desemba hiyohiyo. Ilifunguliwa tena mwanzoni mwa 2002. Kufikia 2020, Internet Society iliripoti kwamba kilele cha mzigo wake kimetoka gigabiti 1 kwa sekunde mwaka 2012 hadi 19, na kwamba sehemu ya mawasiliano yanayopatikana humuhumu nchini imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70.

Pwani nayo ina kila kifaa. Kebo ya baharini ya TEAMS ilitua Mombasa kutoka Fujairah Juni 2009, SEACOM ikaanza kazi mwezi uliofuata, EASSy ikaja 2010, na LION2, inayotua Nyali, ikaanza kazi 2012. Miritini, jirani na Changamwe, kuna jengo la seva la iColo, na KIXP yenyewe imefungua kituo Mombasa. Kwa hiyo mwanafunzi akikuta pakiti yake bado inapanda Nairobi, sababu haiko kwenye kebo. Iko kwenye mipangilio ya BGP na mikataba ya biashara: kampuni mbili zinaweza kuwa na ruta ndani ya jengo moja na zisitangaziane njia.

Niseme wazi, milisekunde 10 hakuna anayezihisi akisoma gazeti kwenye simu. Hoja yangu ni utegemezi. Njia ya Nairobi ikikatika, Likoni na Changamwe hukosana hata kama kila kitu cha Mombasa ni kizima. Februari 2012 tuliona sura nyingine ya jambo hilo, nanga ya meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini ilipokata TEAMS, huku EASSy nayo ikiwa imekatika Bahari ya Shamu mwezi huohuo. Kwenye karatasi hizo zilikuwa njia mbili huru.

Kwa hiyo ripoti ya kazi hii isiishie kwenye mchoro wa vituo. Mwanafunzi apime alfajiri na apime tena saa tatu usiku, watu wakiwa kwenye video, kutoka Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa laini za kampuni zote anazoweza kupata. Aandike wastani, na kando yake kuyumba kwa majibu, kama Jacobson alivyotaka. Apime pia upande wa pili, kutoka Changamwe kurudi Likoni, maana BGP haimlazimishi mtu kurudi kwa njia aliyokwenda nayo. Kisha kwa kila jozi ya kampuni aseme zinakutana wapi: Miritini, Nairobi, au nje ya nchi kabisa.