Profesa Malu na safari ya saa 66

Kila mara mtu akiandika juu ya Profesa Félix Malu wa Kalenga, maneno njo yale yale: mhandisi Mkongomani, reakta ya kwanza Afrika, tujivunie. Nimesoma mingi ya hivyo. Inanichosha, hata kama si uongo.

Reakta yenyewe, TRICO I, iliwaka mwaka 1959 pale Lovanium, kwa bidii ya Monsinyori Luc Gillon. Malu hakuileta. Yeye alipewa kazi ngumu zaidi: kuongoza kile kituo miaka mingi kisha uhuru, mu nchi ambamo pesa inakatika na wataalamu wanaondoka, na bado kufika ku TRICO II mwaka 1972, yenye nguvu ya megawati 1. Kushikilia mtambo usife hakuna picha nzuri ya kuweka ku Facebook, kwa hiyo waandishi wanairuka haraka. Ni pale njo ningetaka wakae.

Halafu wanaishia ku mlango wa reakta, sawa vile mgonjwa anapimiwa mule ndani. Wanafunzi wa ISTM wanajua sivyo. Mgonjwa anapewa dawa yenye mionzi kidogo, inakwenda ku kiungo kinachotafutwa, na kamera ya gama inasoma mionzi inayotoka mwilini. Kamera hiyo ilibuniwa na mhandisi wa umeme, Hal Anger, kule Berkeley, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950: kioo kimoja cha iodidi ya sodiamu na mirija 7 ya kukuza mwanga. Mbele yake, mwaka 1951, Benedict Cassen alikuwa na mashine inayotembea juu ya shingo mstari kwa mstari, kama mtu analima shamba. Hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kusema "ya kwanza barani".

Sasa tuilete Bunia. Dawa inayotumika zaidi ku picha hizo ni teknesiamu-99m, na nguvu yake inapungua nusu kila saa 6. Haisafirishwi mbali yenyewe. Kinachosafiri ni chombo chenye molibdeni-99, mama yake, inayopungua nusu kila saa 66. Chombo kikitoka Kinshasa Jumatatu asubuhi, ndege ikaahirishwa (sisi tunazijua hizo ndege), kikafika Alhamisi asubuhi, zaidi ya nusu ya nguvu imeisha na hakuna mgonjwa aliyeguswa. Hapa barabara, ndege na moto wa umeme ni sehemu ya mashine. Sifa inayoacha hayo imeacha nusu ya uhandisi.

Njo maana mfano ninaoupenda hautoki Kinshasa. Unatoka Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu. Miaka ya 1960, watafiti wa IRSAC ya Lwiro, kati yao daktari François Delange, walipima kwa iodini-131 watu wenye goita, ule uvimbe wa shingo. Iodini-131 inapungua nusu kwa siku 8, kwa hiyo inavumilia safari. Hawakuhitaji picha ya ajabu. Kifaa kilihesabu tu iodini ngapi imevutwa na tezi. Wakaonyesha kwamba kukosa iodini peke yake hakutoshi kueleza ugonjwa. Muhogo uko ndani: sianidi ya muhogo ambao haukuandaliwa vizuri inageuka tiosianati mwilini, na hiyo inazuia tezi kuvuta iodini. Jibu lilifika mpaka ku sufuria ya mama.

Simwekei Malu lawama. Hakuwa mtu wa kamera, na TRICO II ilisimama mwaka 2004 kwa shida ambazo mtu mmoja hawezi kubeba. Lakini wagonjwa wetu wenye uwezo wanavuka mpaka kwenda Kampala, na wasio na uwezo wanabaki hapa, na sisi tuko tunabadilishana "ya kwanza Afrika" ku simu.

Mfinalisti anayetafuta kichwa cha TFC anisikie: fuata isotopu za TRICO II zikitoka ku kile kilima cha chuo. Zilifika hospitali gani, kwa gari au kwa ndege, na zilibaki na nguvu kiasi gani zikifika? Hiyo nitaisoma mpaka ukurasa wa mwisho.