Andika: Sisi Wazima

Wengi wetu tuliijua The Color Purple kwa filamu ya mwaka 1985, ile ya Steven Spielberg aliyocheza Whoopi Goldberg. Filamu nzuri, sikatai. Lakini wewe unayetaka kuandika, tafuta kitabu chenyewe. Alice Walker alikitoa mwaka 1982, na mwaka 1983 kikamfanya mwanamke Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer kwa riwaya.

Mambo yanatokea Georgia, kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Celie ana miaka 14. Mwanamume anayemwita baba anambaka, anamzalisha watoto wawili na kuwaondoa, kisha anamwoza kwa mtu aliyefiwa na mke, ambaye naye anampiga. Ameonywa asiseme. Basi anamwandikia Mungu barua. Riwaya nzima ni barua.

Hapo ndipo kiliponikamata. Nyumba tuliyopanga sisi ilikuwa na vyumba sita, na mimi ndiye niliyesifiwa mwandiko, kwa hiyo kina mama waliniita niwaandikie barua za kwao. Siku moja jirani yetu alikuja jicho limevimba, mkono haunyanyuki. Akavuta kigoda. "Andika mwanangu. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu." Nikamtazama. "Andika wazima, bwana!" Nikaandika. Ukuta wetu na wao ulikuwa mmoja. Usiku tulisikia kila kitu, asubuhi watu wazima wakasalimiana kama kawaida. Funika kombe mwanaharamu apite.

Celie hafuniki. Anaandika lililotokea, kwa Kiingereza chake cha kijijini ambacho mwalimu wa lugha angekijaza wino mwekundu. Walker alikiacha vilevile, na ukisoma unamsikia mtu, si kitabu.

Kwangu mimi, ukatili mkubwa wa mumewe si kipigo. Ni kuficha kwa miaka barua za Nettie, mdogo wake Celie, aliyekwenda Afrika na wamisionari. Siku Celie anapozijua, kwa msaada wa Shug Avery, anatamani kumuua. Kwetu nako, katika Rosa Mistika (1971), Kezilahabi alituonyesha Zakaria akimpiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Kule barua inafichwa, huku inaleta kipigo. Shabaha ni moja: mwenye nyumba ndiye aamue nani aseme na nani. Rosa hakupata wa kumwambia, akajiua. Celie alimpata Shug.

Ukurasa unaouma zaidi ni wa Harpo, mtoto wa mumewe, anapouliza afanyeje mkewe Sofia amtii. Celie anamjibu: mpige. Yeye huyo huyo anayepigwa! Sofia anakuja kumkabili uso kwa uso, na baada ya kusemezana wanaanza kushona pamoja blanketi la viraka. Na sisi, mara ngapi tumemsikia mama aliyeteseka ndoa nzima akimwambia bi harusi "vumilia"?

Kasoro zipo. Barua za Nettie zinachosha. Waolinka, kabila la kubuni, wanasomeka kama somo la darasani. Wapo pia waliolalamika kwamba kitabu kinawapaka matope wanaume Weusi. Hilo silikubali. Albert, mumewe Celie, naye alikatazwa na baba yake kumwoa Shug aliyempenda, na mwishoni tunamwona barazani akishona na Celie, wakipiga soga.

Wenzangu mnaoandika, hebu tujiangalie. Hadithi zetu nyingi za mke anayeteswa huishia mume kagongwa na gari au kaumwa ugonjwa mbaya, msomaji aridhike. Celie haponi kwa adhabu ya mtu. Anaondoka kwenda Memphis na Shug, anashona suruali, anaziuza, anashika pesa yake. Kuandika kipigo tunaweza. Tujaribu na ile asubuhi mwanamke anapohesabu pesa yake mwenyewe.